Hisa sita za dola 170

Mnunuzi wa kisa hiki nimemtunga. Bei, tarehe na idadi ya magari sikuzitunga: ni za Rivian, kampuni ya Marekani inayotengeneza magari ya umeme, na zimo kwenye kumbukumbu za soko la hisa kwa yeyote anayetaka kuzihakiki. Nimeona nifanye hivyo kwa sababu habari za watu wanaonunua hisa kwa mara ya kwanza husimuliwa kwa namna mbili tu, ama fulani alitajirika, ama fulani alitapeliwa. Huyu wangu hakutajirika wala hakutapeliwa. Karibu kila alichokiamini kuhusu magari ya umeme kilitimia, na bado alipoteza dola nne kati ya kila tano alizoweka.

Nitamwita Mgeni, maana sokoni ndivyo alivyokuwa. Ana mshahara, hana deni, na ana akiba ya dola 2,400 iliyokaa bure. Anayapenda magari ya umeme kwa dhati: anajua tofauti ya betri za aina mbalimbali, ametazama video za majaribio mpaka usiku wa manane, na anaweza kukueleza kwa nini injini ya petroli imefika mwisho wa safari. Kuhusu hisa anajua kitu kimoja, kwamba Tesla iliingia sokoni Juni 2010 kwa dola 17 na walioinunua mapema sasa hawana shida ndogondogo. Anasubiri Tesla ya pili.

Akaiona tarehe 10 Novemba 2021. Siku hiyo Rivian iliingia Nasdaq, soko la hisa la New York, kwa kuuza hisa milioni 153 kwa dola 78 kila moja, ikakusanya karibu dola bilioni 12. Hiyo bei ya 78 Mgeni aliisoma tu kwenye habari. Hisa za toleo la kwanza hugawiwa na mabenki yanayosimamia mauzo, na sehemu kubwa huenda kwa mifuko mikubwa na wateja wao wa siku zote. Soko lilipofunguliwa kwa sisi wengine, hisa ya kwanza ilibadilisha mikono kwa dola 106.75. Mgeni akasema ni ghali, atangoja ishuke.

Ilishuka kidogo tu, ikafunga siku hiyo karibu na 101, kisha ikaanza kupanda. Alhamisi ikafunga karibu na 123, Ijumaa 130, Jumatatu 149. Hapa pana jambo ambalo naliona kwa wanunuzi wengi wapya na ambalo halina uhusiano wowote na magari. Mgeni hakuwa amepoteza hata senti, lakini kila jioni alifungua programu kwenye simu, akazidisha bei ya siku kwa hisa ambazo "angekuwa nazo", akaumia. Alianza kuihesabu faida ambayo hakuipata kama hasara iliyomfika. Kufikia Jumatatu usiku hakuwa tena mtu anayetafuta kitu cha kununua kwa bei nzuri. Alikuwa mtu anayetaka maumivu yakome.

Jumanne tarehe 16, muda mfupi baada ya soko kufunguliwa saa 3:30 asubuhi ya New York, akabonyeza. Skrini yake ilionyesha 166. Akaweka oda ya hisa sita kwa bei ya soko, na risiti ikarudi ikisema 170. Hakuelewa. Maelezo ni mepesi: programu yake ya bure ilikuwa ikionyesha bei za dakika 15 zilizopita, na oda ya bei ya soko humaanisha "nipe kwa bei yoyote itakayokuwepo". Angeweka oda ya kikomo, akataja kwamba hatoi zaidi ya 166, ama angepata kwa bei hiyo au pungufu, ama asingepata kabisa. Tofauti ni dola 24, na katika kisa hiki ni kosa dogo kuliko yote. Nimelitaja kwa sababu ndilo rahisi kuliepuka, na kwa sababu siku ambayo bei inaruka namna ile ndiyo siku ambayo mtu mpya husahau kwamba kuna vitufe viwili.

Siku hiyohiyo bei iligusa 179.47, kisha ikafunga 172.01. Mgeni alikuwa mbele kwa dola 12. Jioni akampigia dada yake mkubwa, mhasibu, kumpa habari njema.

"Dada, nimenunua Rivian."

"Kwa ngapi?"

"Mia na sabini."

"Na kampuni nzima inauzwa ngapi?"

"Si nimekwambia, mia na sabini."

"Hiyo ni hisa moja. Ziko ngapi?"

"Sita."

"Hizo ni zako, mdogo wangu. Mimi nauliza za kampuni."

Hakuwa na jibu. Hakujua hata kama kuna mahali pa kulitafuta.

Tulifanye sisi hilo zoezi, kwa kuwa kisa kizima kimo ndani yake. Baada ya toleo la kwanza Rivian ilikuwa na hisa karibu milioni 880. Zidisha kwa 170. Unapata takriban dola bilioni 150. Hiyo ndiyo bei ambayo Mgeni alikubali kuinunulia kampuni, ingawa yeye alichukua kipande kidogo tu. Mtu anayenunua ekari moja ya shamba bado amekubaliana na bei ya shamba lote. Wiki hiyo vyombo vya habari viliandika kwamba Rivian imeipita Volkswagen kwa thamani sokoni na kuwa ya tatu duniani kati ya watengenezaji wa magari, nyuma ya Tesla na Toyota. Volkswagen ilikuwa ikiuza zaidi ya magari milioni 8 kwa mwaka.

Na Rivian je? Waraka wa matarajio, ule ambao kampuni hulazimika kuutoa kabla ya kuuza hisa kwa umma, ulisema wazi: kufikia tarehe 31 Oktoba 2021 ilikuwa imetengeneza pikapu 180 za R1T na kukabidhi 156, karibu zote kwa wafanyakazi wake yenyewe. Ilikuwa na oda 55,400 za awali, ambazo mteja aliziwekea arubuni ya dola 1,000 inayorudishwa akibadili nia. Ilikuwa na oda ya magari 100,000 ya mizigo kutoka Amazon, ambayo pia ilikuwa mwenye hisa mkubwa. Na ilikuwa na kiwanda kimoja mjini Normal, jimbo la Illinois, kilichokuwa cha Mitsubishi, chenye uwezo wa kutoa magari 150,000 kwa mwaka kitakapofanya kazi kikamilifu.

Sasa jiulize kampuni ya magari inapaswa kupata faida gani ili istahili bilioni 150. Tuseme wanunuzi wako tayari kutoa mara 15 ya faida ya mwaka, kiwango ambacho kwa watengenezaji wa magari kwa kawaida huonekana cha juu. Inahitajika faida ya bilioni 10. Kama kila gari litabakiza dola 3,000 baada ya gharama zote, ni magari zaidi ya milioni 3.3 kila mwaka, sawa na viwanda 22 kama kile cha Normal vikiwa vimejaa. Ukisema hapana, hawa watakuwa hodari kama Tesla ilivyokuwa katika mwaka wake mnono wa 2022, ilipobakiza karibu dola 9,600 kwa gari, basi inatosha milioni moja na kidogo. Lakini Tesla yenyewe, tangu ianze kukabidhi gari lake la kwanza mwaka 2008, haikufika milioni moja kwa mwaka mpaka 2022. Miaka kumi na minne.

Angalia kwamba hesabu hiyo haisemi Rivian itashindwa. Inasema kwamba yote hayo yakienda sawasawa, pasipo mgomo, pasipo uhaba wa vipuri, pasipo mshindani, mnunuzi wa 170 atakuwa amepata kile alicholipia, basi. Faida yake ingetoka kwenye yale yatakayozidi hapo. Mgeni alidhani ananunua ndoto kabla haijatimia. Alikuwa amelipia ndoto iliyokwisha kutimia.

Ningeweza kuishia hapa kwa upande wa sababu, kwa maana yaliyofuata ni utekelezaji tu. Ila utekelezaji wenyewe unafundisha, kwa sababu haukufanana na kile ambacho watu hukiita kuanguka.

Kwanza, gari lilikuwa zuri. Mwezi uliofuata jarida la magari la MotorTrend liliitangaza R1T kuwa pikapu ya mwaka 2022. Mgeni aliituma habari hiyo kwa watu wote anaowafahamu. Siku chache baadaye, katikati ya Desemba, kampuni ikasema haitafikia lengo lake la magari 1,200 kwa mwaka huo. Ilimaliza na 1,015 yaliyotengenezwa na 920 yaliyokabidhiwa. Tarehe 5 Januari 2022 hisa ikashuka zaidi ya 10% baada ya habari kwamba Amazon itanunua magari ya umeme ya mizigo kutoka kwa mtengenezaji mwingine, Stellantis, pia. Oda ya 100,000 haikufutwa. Kilichofutika ni ile dhana kwamba Rivian ingekuwa peke yake.

Mwezi Machi kampuni ilipandisha bei ya magari yake, ya R1S, gari lao la aina ya SUV, kwa karibu 20%, pamoja na yale ambayo watu walikwisha kuyawekea oda. Wateja wakapiga kelele, na baada ya siku mbili mkurugenzi mkuu, RJ Scaringe, akaomba radhi na kuwarudishia bei ya zamani wale wa mwanzo. Sawa kwa wateja. Kwa mwenye hisa maana yake ni kwamba kampuni ilikuwa imeahidi kuuza maelfu ya magari kwa bei iliyowekwa kabla chuma, nikeli na chipu hazijapanda. Siku chache baadaye ikatangaza kwamba itatengeneza magari 25,000 mwaka huo, nusu ya ambayo ingeweza kama vipuri vingepatikana.

Halafu Mei. Watu wa ndani ya kampuni na wawekezaji wa awali huzuiwa kuuza hisa zao kwa muda baada ya kuingia sokoni, mara nyingi siku 180. Zuio la Rivian lilipoisha, Ford, iliyowekeza humo miaka ya nyuma, ikauza hisa milioni 8 kwa bei ya chini ya dola 27. Tarehe 9 Mei 2022 bei ilianguka kwa karibu moja ya tano ndani ya siku moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wazee. Sokoni msemo huo una maana ya pili. Tarehe ya zuio kuisha si siri, imo kwenye waraka uleule wa matarajio, na anayenunua wiki ya kwanza ananunua wakati ambapo wenye hisa nyingi zaidi na taarifa nyingi zaidi hawajaruhusiwa bado kupanga foleni ya kuuza.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na riba. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, ikatoka karibu na sifuri hadi kati ya 4.25% na 4.50% kufikia Desemba. Mgeni hakuona inamhusu nini, kwani Rivian haikuwa imekopa kiasi cha kutisha. Inamhusu hivi: dola 100 ambazo utazipata baada ya miaka kumi, kama riba ni 1%, leo zina thamani ya dola 90 na nusu. Riba ikiwa 5%, thamani yake leo ni dola 61. Kampuni inayopata faida leo huumia kidogo. Kampuni ambayo faida yake yote iko mwaka 2030 huko, kama kweli iko, hukatwa theluthi ya thamani bila ya mtu yeyote kufanya kosa kiwandani.

Katika muda huo Mgeni alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiongeza. Mwanzoni mwa Januari, bei ikiwa karibu na 100, alinunua tano nyingine kwa dola 500. Aprili, ilipofika 40, akanunua kumi kwa dola 400. Alijiambia mvumilivu hula mbivu. Sasa alikuwa na hisa 21 zilizomgharimu dola 1,920, na wastani wake ulikuwa umeshuka kutoka 170 hadi 91 na senti 43. Huo wastani uliokuwa ukishuka ulimfariji sana. Programu ilimwonyesha kwa herufi kubwa, kama vile ni mafanikio.

Sisemi kuongeza hisa bei inaposhuka ni upumbavu siku zote. Kuna watu wamejenga utajiri kwa njia hiyo. Tofauti ni kile kilichokupeleka kuongeza. Mgeni alipoongeza Januari hakuwa amesoma jambo jipya, hakuwa amefanya hesabu, wala hakuwa na bei yoyote kichwani ambayo angesema chini ya hapa ni rahisi na juu ya hapa ni ghali. Kipimo chake cha pekee kilikuwa 170, bei ambayo yeye mwenyewe alinunua. Kwa kipimo hicho 100 ni rahisi, 40 ni zawadi. Soko halijui kwamba ulinunua kwa 170. Na kila alipoongeza, sehemu ya akiba yake iliyofungwa kwenye kampuni moja ilikua, kutoka chini ya nusu hadi dola 1,920 kati ya 2,400.

Wapo watakaosema kosa lake ni kutongoja. Sikubaliani nao. Alingoja Novemba, akangoja tena Januari, akangoja tena Aprili, na mara zote tatu alinunua kwa bei iliyokuja kuonekana ghali. Kungoja bila kujua unangoja bei gani ni kuchelewa tu.

Mwaka 2022 ulifunga hisa ikiwa dola 18.43. Hisa zake 21 zilikuwa na thamani ya dola 387. Ili apate zake tu, bei ilipaswa kupanda kwa karibu 400%. Kwa kulinganisha, ulikuwa mwaka mbaya kwa karibu kila mtu, na hata fahirisi ya S&P 500, inayobeba makampuni makubwa 500 ya Marekani, ilishuka kwa karibu 19%. Lakini aliyepoteza 19% anahitaji kupanda kwa 24% kurudi alipokuwa, jambo ambalo soko kwa ujumla limelifanya mara nyingi.

Hapa lazima niizungumzie Tesla, kwa sababu ndiyo iliyomleta Mgeni sokoni na ndiyo ambayo kila mtu huitaja. Ni kweli kwamba dola 17 za mwaka 2010, ukizingatia hisa moja iligawanywa kuwa tano Agosti 2020 na kila moja kuwa tatu Agosti 2022, ni sawa na dola 1 na senti 13 kwa hisa za sasa. Faida ya ajabu. Lakini wanaoitaja Tesla hawamtaji mnunuzi wa Nikola, iliyoingia sokoni 2020, mwanzilishi wake Trevor Milton akatiwa hatiani kwa udanganyifu 2022 (alisamehewa na rais 2025), na kampuni ikaomba kinga ya mufilisi Februari 2025. Hawataji Lordstown Motors, iliyofilisika 2023, wala Fisker, 2024, wala Canoo, Januari 2025. Zote zilikuwa na picha nzuri na oda nyingi za awali. Ukiwauliza walionusurika tu kama mto una mamba, watakwambia hauna.

Kinachonishangaza zaidi ni Tesla ya mwaka uleule wa 2022. Magari iliyokabidhi yaliongezeka kutoka takriban 936,000 hadi milioni 1.31. Faida ilipanda zaidi ya mara mbili, kutoka dola bilioni 5.5 hadi 12.6. Na hisa ikashuka kwa 65%, kutoka 352 hadi 123 kwa bei zilizorekebishwa kufuata mgawanyo ule wa hisa. Zilikuwepo sababu za pembeni: Elon Musk aliuza hisa nyingi ili kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na watu walianza kuhofia kwamba wateja wanapungua. Lakini shina la jambo ni lile la Mgeni. Bei ya mwisho wa 2021 ilikuwa imekwisha kuihesabu faida hiyo maradufu na nyingine nyingi zijazo. Matokeo mazuri yalikuja yakakuta yanasubiriwa mazuri zaidi.

Geuza upande wa pili utazame BYD. Mwaka 2008 Berkshire Hathaway, kampuni ya mwekezaji maarufu Warren Buffett, ilinunua hisa milioni 225 za kampuni hiyo ya China kwa dola milioni 230, yaani dola moja hivi kila moja. Wakati huo BYD ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa betri, inauza, inapata faida, na magari ya umeme yalikuwa bado ni maneno. Walikaa nazo miaka 14 kabla ya kuanza kuuza, Agosti 2022. Walilipia biashara ya betri, na habari ya magari ya umeme wakapewa karibu bure. Mgeni alilipia habari, na biashara ikamjia baadaye kidogokidogo.

Na ilimjia kweli. Duniani, magari ya umeme yaliyouzwa, ukijumlisha ya mseto yanayochajiwa, yalikuwa karibu milioni 6.6 mwaka 2021, yakapita milioni 10 mwaka 2022, na yakakaribia milioni 14 mwaka 2023. Rivian ilitoka magari 1,015 mwaka 2021, ikatengeneza 24,337 mwaka 2022 na 57,232 mwaka 2023. Angekutokea mtu Novemba 2021 akakwambia kampuni hii itaongeza uzalishaji mara 56 ndani ya miaka miwili, ungeuza koti lako ununue. Mwisho wa 2023 hisa ilikuwa dola 23 na senti 46.

Tatizo ni kwamba kila gari lilikuwa likiuzwa kwa hasara. Katika robo ya tatu ya 2023, kabla hata ya kuhesabu gharama za ofisi na utafiti, Rivian ilipoteza zaidi ya dola 30,000 kwa kila gari iliyokabidhi. Faida ya kwanza ya aina hiyo, dola milioni 170, ilionekana robo ya mwisho ya 2024. Hasara ya jumla ilikuwa dola bilioni 6.75 mwaka 2022 na bilioni 5.4 mwaka 2023. Kiwanda kikubwa kinachofanya kazi nusu hula pesa kama jiko lililowashwa bila chungu.

Turudi kwa Mgeni, mwisho wa 2022. Dada yake alimkuta kaduwaa mbele ya zile dola 387, akamuuliza swali ambalo mimi naliona lina thamani kuliko ushauri wote aliowahi kupewa: "Ungekuwa na hizo 387 taslimu mkononi leo, na huna hisa hata moja, ungezinunua?" Mgeni alianza kueleza kwamba alinunua kwa 170. Akamkatiza. "Sikuuliza ya jana."

Safari hii walifanya hesabu pamoja. Hisa karibu milioni 920, mara 18.43, ni dola bilioni 17. Taarifa ya mwisho wa Septemba ilionyesha kampuni ina dola bilioni 13.8 taslimu. Kwa maneno mengine, soko lililotoa bilioni 150 mwaka mmoja nyuma kwa kampuni yenye magari 156 barabarani, sasa lilikuwa likitoa bilioni 3 na ushei tu juu ya pesa iliyoko benki, bila kuhesabu madeni, kwa kampuni yenye kiwanda kinachozunguka, jina linalojulikana na maelfu ya magari barabarani. Mgeni akachangamka. Basi sasa ni rahisi!

Dada akaweka kidole kwenye mstari mwingine: hasara ya robo mwaka, dola bilioni 1.7. Gawanya 13.8 kwa 1.7. Robo nane. Miaka miwili, kisha pesa itafutwe kwingine, na ikitafutwa kwa kuuza hisa mpya, zake 21 zitakuwa kipande chembamba zaidi cha kampuni ileile. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kwa kipimo kimoja na bado ya hatari kwa kingine, na hakuna kati yao aliyeweza kusema kwa hakika. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza Mgeni kutokuwa na uhakika, na ndiyo mara ya kwanza alikuwa akiitazama kampuni yenyewe.

Aliuza 11, akapata dola 202 na senti 73. Kumi akazibakiza, kwa maelezo kwamba ni kiasi ambacho kikipotea chote hatakosa usingizi. Zile 202 pamoja na akiba iliyobaki akaanza kuzipeleka kidogokidogo kila mwezi kwenye mfuko unaofuata fahirisi, yaani unaonunua kwa pamoja hisa za makampuni yote yaliyomo, kitu ambacho hakina video za usiku wa manane.

Zile kumi zilimpeleka juu na chini. Aprili 2024 bei ilishuka chini ya dola 9. Juni mwaka huo Volkswagen, kampuni ileile ambayo Rivian iliwahi kuipita kwa thamani kwa siku chache, ikatangaza itaweka humo hadi dola bilioni 5, na bei ikaruka. Swali la robo nane lilikuwa limepata jibu lake, na sehemu ya jibu hilo ilikuja kwa njia ya hisa mpya, kama dada alivyohofia. Mwaka ukafunga kwa dola 13 na senti 30.

Taarifa ya mwaka ilipotoka mapema 2025 Mgeni aliifungua mwenyewe kwenye simu. Idadi ya hisa huandikwa kwenye kurasa za mwanzo kabisa, kabla ya picha na kabla ya mipango, na haichukui hata dakika kuipata. Akampigia dada yake.

"Dada, zimepita bilioni moja."

"Zako?"

"Za kampuni."